Paa Linalofunguka: Historia ya Kufunika Kiwanja cha Mpira

Masomo ya watu wazima kwa redio. Historia. Maneno haya yamechapwa kama yalivyosomwa, ili kikundi kiweze kuyasoma tena na kuyajadili.

Twawasalimu ninyi mliokusanyika Mlangali kusikiliza pamoja, na ninyi wa Njombe na Makambako, na kila mtu atakayelisoma somo hili katika karatasi baada ya kulisikia. Leo tutajifunza habari za viwanja vikubwa vya mpira vya siku hizi, na hasa vile vyenye paa la kufungua na kufunga. Labda mmoja wenu atauliza: Sisi yatuhusu nini? Kiwanja chetu hakina hata ukuta, tutajifunzaje habari za paa? Ngoja, ndugu yangu. Mwisho wa somo utaona kwamba habari hii imefika hata hapa kwetu Tanzania, nayo imegusa mioyo ya watu wengi.

Mtu akaaye Mlangali hahitaji kufundishwa mvua ni nini. Mvua yetu huanza mwezi wa Novemba, ikaendelea hata Aprili au Mei. Wachezaji waujua mpira uliolowa: ni mzito, nao ukianguka katika dimbwi hauruki tena. Watazamaji nao wajua kusimama na mwavuli mmoja watu watatu. Basi tangu zamani watu wamewaza: Je, hatuwezi kuezeka kiwanja kama tuezekavyo nyumba?

Kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani

Kwanza tuelewe ukubwa wa jambo. Kiwanja cha mashindano makubwa kina urefu wa meta 105 na upana wa meta 68. Zidisha, utapata meta za mraba 7,140. Sasa mvua ya milimita 10 ikinyesha, na hiyo si mvua ya kutisha, maji yanayoanguka juu ya kiwanja hicho ni lita 71,400. Ukiyatia katika mapipa ya lita 200 utajaza mapipa 357. Maji yote hayo lazima yapate njia ya kwenda.

Pili, fikiri juu ya paa lenyewe. Nyumba yako ina kenchi, na kenchi zimelala juu ya kuta. Chumba kikiwa kipana sana, fundi huweka nguzo katikati. Lakini kiwanja cha mpira hakikubali nguzo katikati. Paa lake lazima livuke meta 68 na zaidi bila kushikwa na kitu chini, tena lizuie upepo. Sasa ongeza neno hili: paa hilo litembee. Watu wote wakiwa chini yake, lifunguke na kufungwa, wala lisiwaangukie. Hapo utaona kwa nini ilichukua muda mrefu.

Maturubai ya Roma

Habari yetu yaanza mbali. Mwaka 80 baada ya kuzaliwa Kristo, Kaizari Titus alifungua katika mji wa Roma kiwanja kikubwa kiitwacho Colosseum. Watu kama 50,000 waliweza kukaa humo. Hawakucheza mpira, walitazama watu wakipigana wao kwa wao na kupigana na wanyama, mambo ambayo leo twayaona ni ya ukatili. Lakini wajenzi wake walikuwa mafundi hodari. Juu ya ukuta waliweka nafasi za kusimamishia milingoti 240, na kutoka milingoti hiyo walivuta kamba na maturubai makubwa ili kuwatilia watazamaji kivuli.

Nani aliyafungua na kuyafunga maturubai hayo? Mabaharia wa merikebu za vita. Waliitwa kutoka pwani kwa sababu wao ndio waliojua kazi ya tanga na kamba, na tena kusoma upepo. Ukiwahi kuona jahazi likikunja tanga lake, basi umeona jinsi paa hilo la kufunguka lilivyofanya kazi.

Angalia jambo moja hapa, maana litatusaidia mbele. Kivuli kile kiliwekwa juu ya watu waliokaa. Katikati, palipochezewa, palibaki wazi. Tangu mwanzo paa lilikuwa la mtazamaji.

Paa la wenye nafasi

Sheria za mpira wa miguu ziliandikwa Uingereza mwaka 1863. Baadaye watu walipozidi kwenda kutazama, wenye viwanja walijenga majukwaa, na juu ya jukwaa moja wakaweka paa. Chini ya paa hilo walikaa walioweza kulipa zaidi. Wengine walisimama mvuani. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa karibu kila nchi, na hata leo katika viwanja vingi vyetu utakuta jukwaa moja lina mabati, nalo ndilo lenye tiketi ya bei kubwa.

Dar es Salaam kuna kiwanja ambacho kila Mtanzania yampasa kujua habari zake, nacho ni Uwanja wa Uhuru. Zamani kiliitwa Uwanja wa Taifa. Ndipo bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Ikumbuke sana tarehe hiyo, kwa kuwa mwaka huohuo, katika nchi ya mbali, lilifunguka paa la namna mpya kabisa.

Mji wa chuma na paa la chuma

Mji wa Pittsburgh, Marekani, ulikuwa mji wa chuma. Watu wengi waliishi kwa kazi ya viwanda vya chuma. Mwezi Septemba 1961, yaani miezi mitatu kabla ya uhuru wetu, mji huo ulifungua ukumbi mkubwa wa mviringo wenye paa kama bakuli lililopinduliwa. Paa lilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, nalo upana wake ulizidi meta 120. Liligawanyika vipande 8. Vipande 2 vilikaa mahali pake daima, na vipande 6 viliweza kuteleza juu ya reli vikaingia chini ya vile viwili, kama uchezavyo na upepeo wa kukunja. Dakika chache tu zilitosha, na watu waliokuwa ndani wakaona nyota.

Ni jambo la ajabu, nasi twawasifu mafundi wale. Walakini historia haisimulii ufundi peke yake. Ili kupata nafasi ya ukumbi ule na mambo mengine yaliyokusudiwa, wakubwa wa mji walibomoa mtaa mzima. Watu kama 8,000 walihamishwa, na wengi wao walikuwa Wamarekani weusi ambao walikuwa na nyumba, maduka na makanisa yao pale. Na paa je? Katika miaka yake ya mwisho lilikuwa halifunguliwi tena. Ukumbi wenyewe ulibomolewa miaka ya 2011 na 2012. Basi hesabu mwenyewe: ukumbi ulidumu miaka 50, lakini mtaa ule haukurudi kama ulivyokuwa.

Houston: majani yakafa

Mwaka 1965 mji wa Houston, kusini mwa Marekani, ulifungua kiwanja kilichofunikwa chote. Paa lake halikufunguka. Huko Houston jua ni kali na mvua ni nyingi, na wenye kiwanja walitaka watu wacheze besiboli na michezo mingine bila kujali hali ya hewa. Ili majani yapate mwanga, paa liliwekwa vioo vya plastiki maelfu kwa maelfu.

Siku za kwanza wachezaji wakalalamika. Mwanga ulipita katika vioo ukawaumiza macho. Mpira ukipigwa juu hawakuweza kuuona, nao ukawaangukia karibu na miguu. Basi wenye kiwanja wakapaka vioo rangi. Macho yakapona, lakini majani yakafa. Mpaka mwisho wa msimu timu zilikuwa zinacheza juu ya udongo na majani makavu yaliyopakwa rangi ya kijani.

Mwaka uliofuata, 1966, wakatandika majani ya bandia yaliyotengenezwa kiwandani kwa nailoni. Ndiyo asili ya majani ya bandia kujulikana duniani, na leo hata Tanzania viko viwanja vilivyotandikwa majani ya namna hiyo. Tazama jinsi jambo moja linavyozaa jingine: mtu alitaka kumzuilia mtazamaji mvua, akaishia kubadili kitu wanachokanyaga wachezaji.

Wakulima wa Njombe hawatashangaa kusikia kwamba majani yalikufa. Panda mahindi chini ya mparachichi mkubwa uone mavuno yake. Majani ya kiwanja ni mmea kama mahindi. Yataka jua, yataka upepo wa kukausha umande, na yataka maji yasiyotuama miguuni pake. Paa likiyanyima jua na upepo, hayatauliza kwamba limegharimu fedha ngapi.

Montreal: deni la miaka 30

Sasa twende Kanada. Mji wa Montreal uliandaa Michezo ya Olimpiki mwaka 1976. Mchoraji wa kiwanja alikuwa Mfaransa, Roger Taillibert. Alichora mnara mrefu ulioinama juu ya kiwanja, na kutoka mnara huo zishuke kamba za chuma zikivuta paa la kitambaa kigumu juu na chini, kama mtu avutavyo mwavuli kwa ncha yake. Ilikuwa picha nzuri sana.

Lakini Michezo ilipoanza, mnara ulikuwa haujaisha wala paa halikuwapo. Paa liliwekwa tu mwaka 1987, miaka 11 baada ya wageni kwenda makwao. Tena lilipowekwa likaanza kuchanika kwa upepo. Halikufunguliwa na kufungwa hata mara 100. Mwaka 1998 likaondolewa, likawekwa paa lisilofunguka. Na hilo nalo likachanika mwaka 1999 kwa uzito wa theluji.

Nani aliyelipa? Serikali ya jimbo la Quebec iliweka ushuru wa tumbaku. Kila mtu aliyenunua sigara alilipa kidogo kwa ajili ya kiwanja. Deni lilikwisha mwaka 2006, yaani miaka 30 baada ya Michezo. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Olimpiki alikuwa mtu mzima, labda mwenye watoto, ndipo deni likaisha.

Toronto: hatimaye latembea

Katika nchi hiyohiyo ya Kanada, mji wa Toronto ulifungua kiwanja mwezi Juni 1989, na hapo kwa mara ya kwanza paa gumu la kiwanja kikubwa lilifunguka na kufungwa kwa mota kama lilivyokusudiwa. Ni la vipande 4. Kimoja hakitembei. Viwili huteleza juu ya reli, kimoja huzunguka. Kazi yote huchukua kama dakika 20.

Mtaelewa vema mkikumbuka mtoto wa meza. Ukitaka kumfungua humwinui. Wamvuta, naye huteleza juu ya njia yake. Paa la Toronto ni watoto wa meza wakubwa wenye magurudumu ya chuma, wanaosukumwa na mota za umeme. Siri yake ni kwamba kila kipande ni kigumu chenyewe, nacho hukaa juu ya reli yake, hakiningʼinii kwa kamba kama kile kitambaa cha Montreal.

Siku ya sherehe ya kufungua kiwanja, wakubwa walitaka kila mtu alione paa likitembea. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakalifungua vivyo hivyo, na watu waliokuja kukaa chini ya paa jipya wakalowa. Watu wa Toronto bado huicheka habari hiyo. Lakini tusisahau: hata Toronto walitandika majani ya bandia. Swali la majani ya kweli lilikuwa bado halijajibiwa.

Ulaya: paa likitembea, na majani yatembee

Mpira wa miguu wa Ulaya hupenda majani ya kweli. Mwaka 1996 mji wa Amsterdam, Uholanzi, ulifungua kiwanja cha mpira chenye paa la kufunguka. Nje kilipendeza, ndani majani yakaugua. Kuta ndefu na ukingo wa paa vilizuia jua na upepo, hata paa lilipokuwa wazi. Miaka ile ya mwanzo ilibidi yang'olewe na kutandikwa mengine mara nyingi. Baadaye walileta taa kubwa zilizowekwa juu ya magurudumu, zinazosukumwa polepole juu ya majani kuyapa mwanga mahali pa jua. Leo viwanja vingi vya Ulaya hufanya hivyo.

Waholanzi wengine, wa mji wa Arnhem, walikuja na wazo jingine mwaka 1998. Walisema: Ikiwa majani hayapendi kukaa ndani, basi yatoke nje. Wakaweka kiwanja chote, udongo na majani, juu ya sinia kubwa la zege liwezalo kuteleza kutoka ndani ya jengo mpaka uwanjani nje. Siku za kawaida majani hukaa juani. Siku ya mchezo huingia. Gelsenkirchen, Ujerumani, wakafanya hivyo mwaka 2001, na sinia lao lina uzito wa tani kama 11,000. Mwaka huohuo, Sapporo, Japani, walijenga jengo lenye paa lisilofunguka kabisa, na kiwanja chao hunyanyuliwa kidogo kwa nguvu ya hewa kisha kikasukumwa ndani au nje. Huko Madrid, Hispania, klabu ya Real Madrid ilipokarabati kiwanja chake iliweka paa la kufunguka, na majani hukatwa katika vipande virefu na kushushwa chini ya ardhi, ambako yana taa, maji na upepo wake.

Wales nao walifungua kiwanja chao cha Cardiff mwaka 1999. Kinachukua watu zaidi ya 70,000, na paa lake hufungwa kwa dakika kama 20. Huko kulikuwa na desturi ya kufurahisha katika mchezo wa raga wa mataifa: paa halikufungwa ila timu zote mbili zilipokubali. Kwa nini? Kwa sababu mvua yaweza kumsaidia mmoja na kumwumiza mwenzake. Basi hata mbingu iliwekwa katika mapatano.

Qatar: hema la watu wa jangwani

Mwezi Novemba 2022 mashindano ya Kombe la Dunia yalianza Qatar, nchi ya Ghuba ambako Waafrika Mashariki wengi, hasa vijana wa Kenya na Uganda, wamekwenda kutafuta kazi. Mchezo wa kwanza ulichezwa Novemba 20 katika kiwanja kiitwacho Al Bayt, kule Al Khor, na Ecuador wakawafunga wenyeji mabao 2 kwa 0. Kiwanja hicho kimejengwa kwa umbo la hema la Waarabu wa jangwani, nalo paa lake hufunguka. Huko adui si mvua. Adui ni jua. Paa hufungwa kusudi baridi inayotiwa kwa mashine isitoroke. Basi twarudi kwa Warumi: kitambaa, kivuli na mtazamaji.

Sasa tuje kwetu

Katika Tanzania, Kenya na Uganda hakuna kiwanja cha mpira chenye paa la kufunguka. Kikubwa chetu ni kile cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 2007, jirani na Uwanja wa Uhuru, kilichojengwa kwa msaada wa China. Kina viti 60,000. Mwaka 2020, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki, kiwanja kilipewa jina lake. Paa lake limezunguka juu ya viti, na katikati pako wazi. Watazamaji wakaa kivulini. Majani yapata jua, na mvua pia.

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2025. Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa mara ya mwisho klabu hiyo ilikuwa imefika fainali ya Afrika mwaka 1993, ikashindwa nyumbani mabao 2 kwa 0 na Stella ya Abidjan. Miaka 32 watu walingoja. Mchezo wa kwanza ulikuwa Mei 17 kule Morocco, na RS Berkane wakashinda 2 kwa 0. Mchezo wa pili ulitazamiwa kuwa katika Uwanja wa Mkapa, mbele ya watu 60,000.

Haukuchezwa pale. Tangu mwezi Machi mwaka huo Shirikisho la Mpira la Afrika, yaani CAF, lilikuwa limeufungia uwanja huo kwa muda kwa sababu ya hali ya sehemu ya kuchezea, kisha ukaruhusiwa tena. Mwezi Mei, mvua za masika zikiwa zimenyesha sana, hali ya sehemu hiyo haikuridhisha. Fainali ikahamishwa Zanzibar, katika Uwanja wa Amaan. Amaan ni kiwanja kizuri, kilichofunguliwa mwaka 1970 na kukarabatiwa upya mwaka 2023. Lakini kinachukua watu kama 15,000 tu. Mei 25 Simba ikatoka sare 1 kwa 1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3 kwa 1.

Hatuwezi kusema kwamba Simba ingeshinda kama ingecheza Dar es Salaam. Mpira hauna ahadi. Lakini twaweza kupiga hesabu: watu 60,000 toa watu 15,000, wabaki 45,000. Hao ni watu ambao wangeweza kuwa ndani siku hiyo, nao wakabaki kusikiliza redio au kutazama televisheni. Hiyo ndiyo hasara ya kiwanja kisichokuwa tayari, na hakuna ushuru wa tumbaku uwezao kuilipa.

Je, paa la kufunguka lingetusaidia?

Hapa ndipo swali letu kuu lilipo. Mtu mmoja atasema: Tungekuwa na paa kama la Cardiff, mvua isingeingia. Ni kweli kwa siku moja. Unaweza kufunga paa asubuhi ya mchezo na majani yakabaki makavu. Lakini masika si siku moja. Ukilifunga paa kwa majuma mengi, majani yatanyimwa jua, na utapata shida ya Amsterdam. Ukiliacha wazi, mvua itaingia kama kawaida, na utategemea njia za maji zilizo chini ya udongo. Basi mwenye paa na asiye na paa wote warudi mahali pamoja: udongo, mchanga, mabomba ya chini ya ardhi, na mtu anayeyaangalia kila siku.

Na ushahidi tunao. Miezi michache tu baadaye, Agosti 2, 2025, mashindano ya CHAN yalifunguliwa katika Uwanja wa Mkapa uleule, na Tanzania ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Hakuna aliyeongeza paa kati ya Mei na Agosti. Masika yalikwisha, na sehemu ya kuchezea ikashughulikiwa. Ndiyo maana wazee husema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo hili si dogo kwa taifa. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kazi ya kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vipya vikaanza kujengwa, mmojawapo Arusha. Kiwanja kipya hupendeza macho siku ya kufunguliwa. Hukumu yake huja baadaye, katika masika ya tano na ya kumi, wakati fedha za sherehe zimekwisha na zinatakiwa fedha za mbolea, mchanga na mshahara wa mtunza majani. Wananchi wanaolipa kodi wana haki ya kuuliza fedha hizo zimewekwa wapi.

Na kiwanja chetu cha kijiji

Msifikiri kwamba kiwanja kidogo hakiwezi kukaribisha mambo makubwa. Katika msimu wa 2017 na 2018 timu ya Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu, na Simba na Yanga zote zilikuja Njombe katika Uwanja wa Sabasaba. Watu wa mkoa huu waliona kwa macho yao wachezaji waliokuwa wakiwasikia tu redioni.

Mlangali hatuhitaji paa. Lakini sheria ya Houston na Amsterdam yatuhusu sisi pia, nayo ni nyepesi. Kiwanja kiinuliwe kidogo katikati, ili maji yashuke pembeni. Upande wa mlimani uchimbwe mtaro, ili maji ya juu yasipite kiwanjani. Mtaro uzibuliwe kabla ya Novemba, wala si baada ya mafuriko. Siku ya mvua kubwa watoto wasicheze mpaka udongo ukauke, maana mguu mmoja katika tope hung'oa majani yatakayochukua majuma kuota tena. Na mbele ya magoli, ambako miguu ni mingi, majani yapandwe upya kila mwaka. Kazi hizo hazitaki mota wala reli. Zataka jembe, na watu waliokubaliana siku moja ya juma.

Tangu mabaharia wa Roma mpaka mafundi wa Qatar, watu wamejifunza kufunika vichwa vya watazamaji kwa ufundi mkubwa mno. Lakini kila mahali walipoyasahau majani, majani yaliwarudisha shuleni. Nasi tujifunze kwa shida ya wenzetu, kabla haijawa yetu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini Warumi waliwaita mabaharia kufanya kazi ya paa?
2. Eleza jinsi jambo lililotokea Houston mwaka 1965 lilivyoleta majani ya bandia.
3. Watu wa Montreal walilipa kiwanja chao kwa miaka 30. Je, ni haki watoto kulipa deni la sherehe ambayo hawakuiona? Toeni sababu.
4. Pimeni kiwanja chenu kwa hatua, kisha mkisie mvua ya milimita 10 huleta mapipa mangapi ya maji juu yake. Maji hayo huenda wapi?
5. Kama kijiji kingepewa fedha za kufanya jambo moja tu, je, mngejenga jukwaa lenye mabati au mngechimba mitaro na kupanda majani? Watakaolitaka jukwaa waseme hoja zao kwanza, na wenzao wawajibu.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.